Tekno: nianzie Detroit au Berlin?

kinanda_cha_mtaa
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza biti za singeli, sasa nataka kuijua tekno, ule muziki wa kudansi wa mashine, toka mizizi. Mmoja ananiambia ni ya Wajerumani, mwingine anasema Detroit, Marekani. Bando langu dogo. Nianzie wapi?

Mzizima_DJ
Detroit, mkuu. Ni muziki wa vijana weusi. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Usiku walimsikiliza mtangazaji wa redio Electrifying Mojo, aliyepiga Kraftwerk, kundi la Kijerumani la muziki wa mashine, na Prince, mkali wa funk wa Marekani, kwenye kipindi kimoja. Ndiyo maana tekno yao ina ubaridi wa mashine na bado kiuno hakitulii. Anza na "Clear" ya Cybotron, kundi la Atkins, 1983. Kisha "Strings of Life" ya May, 1987: piano inakimbia, haina besi kabisa, na hutaona pengo la hiyo besi.

binti_wa_kaseti
Wajerumani nao wapewe haki yao, Kraftwerk ni wa Düsseldorf. Ila Berlin ilikuja baadaye. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, majengo ya mashariki ya jiji yakabaki matupu, vijana wakaingia na spika. Klabu ya Tresor ilifunguliwa 1991 kwenye chumba cha chini kilichokuwa cha kuhifadhia fedha za duka kubwa la zamani. Na rekodi ya kwanza ya lebo ya klabu hiyo? Ya kundi la X-101, yaani Jeff Mills, Mike Banks na Robert Hood. Wote wa Detroit!

Mzee_808
Mimi napingana nanyi kidogo. Huyu kijana sikio lake limezoea mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ukimpa "Clear" ataona inasinzia. Mpe Jeff Mills, "Waveform Transmission Vol. 1", Tresor 1992. Ni kali, ngoma inagonga bila huruma. Akishanasa, atarudi nyuma mwenyewe.

Mzizima_DJ
Mzee wangu, hapo umenishinda kwa kasi, si kwa mizizi. Ameuliza mizizi.

kinanda_cha_mtaa
Shikamoo Mzee_808. Nimesikiliza Mills na "Strings of Life" sasa hivi. Mills nimemwelewa papo hapo. Ile piano nimeirudia mara tatu, bado natafuta inavyosimama bila besi. Bando lililobaki naliweka Detroit.

Mzee_808
Marahaba. Mills naye ni Detroit, usisahau.