Tupeane uzoefu: majani yanapukutika, giza linaingia saa kumi na nusu. Kwako mnafanya nini?

Mtoto wa Pangani (Leeds)

Wakuu, salaam kwenu mlioko ughaibuni. Mlioko nyumbani nanyi karibuni, msituache peke yetu.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu Waingereza wamerudisha saa nyuma kama kawaida yao, na sasa ikifika saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Natoka kazini giza, nafika nyumbani giza. Watoto wanadai chakula cha usiku muda ambao Pangani watu ndio kwanza wanaoga watoke wakapunge upepo. Majani yamejaa njia nzima, na yakilowa yanateleza balaa.

Uzi huu si wa kulalamika, hayo tunayamaliza kwenye magrupu ya WhatsApp. Nauliza hivi: majira haya, kuna jambo gani dogo unalifanya kila siku au kila wiki, ambalo lisipofanyika unaona kabisa kuna kitu kimepungua? Tafadhali tusiletewe habari za mishumaa yenye manukato na mablanketi yanayopigiwa debe madukani. Nataka unachokifanya kwa mikono yako.

Naanza mwenyewe. Asubuhi nashuka basi kituo kimoja kabla, nakatiza bustanini kwa miguu. Nafuata mwanga tu, maana ukishaingia ofisini hutaliona jua tena. Jumamosi naenda na mwanangu wa mwisho, anachagua jani moja, tukirudi analibana kwenye friji kwa sumaku. Ni yeye aliyenipa darasa, kalitoa shule: njano ilikuwamo kwenye jani tangu mwanzo, ila ilifunikwa na ukijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ukijani, njano inajitokeza. Nyekundu ndiyo mpya, nyingi inatengenezwa wakati huo huo wa kupukutika. Jani la wiki iliyopita bado lipo, limejikunja kama sambusa.

Haya, dondosheni ya kwenu.

Ngoja Waje

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye uzoefu.

Bi Iliki (Gothenburg)

Mtoa mada umenigusa penyewe. Kwangu ni mahamri, kila Ijumaa jioni, kuanzia Oktoba mpaka theluji iondoke.

Waswidi wana siku maalumu ya andazi lao la mdalasini, tarehe 4 Oktoba, imeanza mwaka 1999. Miezi michache baada ya kufika huku, mwenyeji wangu kazini alinikaribisha moja na kahawa. Nauma, nakutana na iliki! Tena si ya kubahatisha, wameitwanga nusunusu unaitafuna chenga mdomoni. Nikajiuliza, hawa watu na Tanga wamekutana wapi? Nilikuwa nimeishi huku miezi nikidhani chakula chao chote hakina harufu.

Basi Ijumaa nikitoka kazini natoa kinu changu kidogo cha shaba. Watoto wanagombea kutwanga. Sheria ni moja: anayetwanga ndiye anayemenya, ganda kwa ganda, punje nyeusi zinabaki, na asiibe sukari. Unga, sukari, hamira, iliki, tui la uvuguvugu. Shida ya huku ni kuumuka. Ukiacha bakuli juu ya meza donge linakaa kama lilivyo, halina haraka na mtu. Nalifunika kwa kanga, nalisogeza karibu na kile kipasha joto cha ukutani, bakuli lisikiguse maana upande mmoja utaanza kuiva. Baada ya saa hivi kanga inanyanyuka katikati. Mwanangu wa kike hukaa hapo kuisubiri, kazi za shule zote anazifanyia sakafuni karibu na bakuli.

Tukianza kukaanga, bibi wa ghorofa ya juu anabisha hodi. Hatujawahi kualikana rasmi. Anakuja na kopo la jemu ya matunda yao ya msituni, yale madogo mekundu machachu, anachana hamri anapaka. Mwanzo nilisikitika. Sasa na mimi napaka.

Mla Mbaazi

Mahamri na jemu?? Bi Iliki rudi kundini. Mahamri bila mbaazi za nazi mimi sili.

Bi Iliki

@Mla Mbaazi nitumie hizo mbaazi nione.

Mla Mbaazi

Za kopo zipo kwenye maduka ya Wakaribiani hapa Birmingham. Chuja maji yake yote, uzianze upya na kitunguu, pilipili mbichi na tui. Huko Sweden sijui.

Kaka wa Zamu (Köln)

Mimi nahudumia wazee, zamu za usiku, kwa hiyo giza ni mwajiri wangu. Sikuwa na desturi yoyote. Nikirudi asubuhi nafunga mapazia nalala, nikiamka jua limeshaondoka. Niliishi hivyo Novemba nzima mpaka nikawa sina hamu hata ya kupokea simu.

Kilichobadilisha ni taa za watoto. Huku tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, yule askari aliyekata joho lake vipande viwili akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Watoto wa chekechea wanatembea mitaani jioni na taa za karatasi wakiimba, na mara nyingi mbele yupo mtu juu ya farasi. Hizo taa si za kununua (zipo madukani, lakini mwalimu akikuona nayo anakutazama jicho la pembeni). Mwanangu akaniletea boksi tupu la maziwa, akaniambia baba tengeneza.

Tulikata madirisha kwa mkasi, tukabandika kwa ndani karatasi laini ya rangi. Yeye alitaka pweza. Pweza akapatikana, mikono sita tu, nafasi iliisha. Sasa ikishaingia Oktoba, kila siku kabla sijaingia zamu tunakaa nusu saa mezani tunakata na kubandika. Tukimaliza ya kwake tunatengeneza za wazee ninaowahudumia, wanaziweka dirishani. Bibi mmoja hasemi na mtu siku nyingi, lakini ukimwekea taa anaanza wimbo wa Martin na kuumaliza beti zote.

Abu Swaleh

Mkuu hiyo si ibada ya kanisa? Sisi Waislamu tunaingiaje hapo? Nauliza kwa heshima, na mimi wanangu wapo chekechea Ujerumani.

Kaka wa Zamu

Swali zuri ndugu yangu. Mimi mwenyewe Muislamu. Asili yake ni ya kanisa, hilo halina ubishi. Kila mzazi apime na dini yake. Kuna familia ninayoijua, mtoto anatengeneza taa lakini siku ya maandamano wanabaki nyumbani, na mwalimu hana neno. Mimi nakwenda. Ila kile kikao cha mkasi na gundi, hicho hakina dini.

Nesi Mstaafu (Leicester)

Niongeze la afya, nimelifanyia kazi miaka mingi. Huku Uingereza ushauri wa serikali ni kila mtu afikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, majira haya na ya baridi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kuifikiria mwaka mzima. Mimi naimeza na chai ya asubuhi, kikopo nimekiweka ndani ya kopo la majani ya chai ili nisikikose.

La pili ni udi. Alhamisi jioni nafukiza kama tulivyofukiza kwetu Vuga. King'ora cha moshi kikalia, jirani akapiga simu zimamoto. Nilitoka nje na mtandio nikawapokea, wakanusa, mmoja akaniuliza unanunua wapi. Sasa natumia chetezo cha umeme na dirisha nafungua kidogo. Nawasihi: msiwashe mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, si wa udi wala wa kuotea moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, unasinzia huamki. Na kaka wa Köln, hiyo hali ya kukosa hamu ya kupokea simu ikiendelea wiki baada ya wiki, mwone daktari. Taa za karatasi hazitoshi.

Mama Bogani (Minnesota)

Hahaha Nesi, zimamoto na mtandio!

Zamu yangu. Wamarekani wanapenda maboga jamani. Wanayapanga barazani, wanayachonga meno, wanaweka mshumaa ndani, wiki mbili baadaye yanatupwa. Familia nzima inaendesha gari kwenda shambani kuchuma, wanapiga picha kwenye marobota ya nyasi. Mwaka wa kwanza nilikwenda na wenzangu wa kanisani. Wao wanatafuta boga la duara. Mimi naangalia chini: majani! Hekari na hekari za majani ya maboga, hakuna anayeyatazama.

Nikamfuata mwenye shamba, nikamwomba nichume majani. Akadhani sijui Kiingereza. Akaniletea boga. Nikamwambia hapana mzee wangu, haya, nakwenda kuyala. Akaita mkewe aje anisikie mwenyewe.

Sasa ananifahamu. Lazima uwahi Septemba, kwa sababu baridi ya umande wa kuganda ikipiga usiku mmoja tu, asubuhi majani yote meusi yamelala chini. Tunachuma machanga ya nchani pamoja na maua. Kazi yenyewe ipo jioni: tunakaa akina mama wa Kitanzania, Wakenya na Wakongo, beseni katikati, tunavuta nyuzi. Unavunja kikonyo kwa kucha, unavuta taratibu kuelekea kwenye jani, uzi unakuja mrefu mwembamba na zile nywele zake zinazowasha. Usipomenya vizuri mtoto ataikataa mboga maisha. Vidole vinabaki vya kijani mpaka Jumatatu, kazini wananiuliza unapaka rangi? Habari zote za mji zinaishia kwenye hilo beseni: nani kapata karatasi, nani kafiwa, nani anatafuta mchumba.

Mume wangu yeye na tufaha zake. Kuna aina inaitwa Honeycrisp, ilizalishwa na chuo kikuu cha hapa Minnesota, ukiiuma inalia kwa kishindo. Anasafiri kuifuata shambani wakati dukani mtaani ipo. Simwelewi, namwacha.

Dada wa Scarborough (Toronto)

Yangu ni simu. Jumapili asubuhi saa mbili yangu, mamangu Mombasa ni saa tisa alasiri. Naweka simu juu ya rafu karibu na jiko, yeye anaegemeza yake kwenye mtungi, kila mtu anapika chake. Hatuongei sana. Nasikia kijiko chake, anasikia changu, na kule dirishani kwake kuna kuku. Adhana ya alasiri ikilia Majengo ananiambia "haya mwanangu", anakata.

Huku Toronto saa zinarudi nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa mbili yangu inakuwa saa kumi kwake, keshasali. Kila mwaka ananikemea: "Mbona umechelewa? Kwani saa za huko zina nini?" Nikasema basi niamke saa moja ili tubaki kabla ya adhana. Akakataa, ati nilale, mwili wangu mchovu. Kwa hivyo majira haya simu yetu haina adhana ya kuimaliza, na inakwenda mpaka betri inaisha. Kusema kweli Novemba ndio mwezi ninaozungumza na mamangu zaidi.

Mzee wa Mutrah (Muscat)

Wanangu, huku kwetu mambo kinyume. Toka Mei mpaka Septemba sisi ndio wafungwa, tumejifungia na viyoyozi. Oktoba joto likianza kulegea milango inafunguliwa. Tunatoa mkeka nje baada ya alasiri: tende, halwa, birika la kahawa, na Kiswahili chetu cha Unguja. Kijana mmoja anasimama kumimina, na haachi mpaka utikise kikombe. Wageni hawajui, wanakunywa wakisubiri birika liishe.

Sharti la baraza letu: asiyeonekana siku mbili anafuatwa kwake. Hatupigi simu, tunakwenda. Mwaka jana tulimkuta mwenzetu mmoja kaanguka chooni, hana wa kumwinua. Ndiyo maana siku hizi hatuulizi kama unajisikia kutoka. Tunakuletea viatu mlangoni.

Ngoja Waje

Shkamoo mzee. Hili la viatu nalichukua.

Mluguru Halisi (Morogoro)

Mnaulizia majani, sisi tunaulizia mvua ya vuli. Ikinyesha ile ya kwanza jioni, tunazima taa zote za ndani, tunaacha ya nje peke yake na beseni la maji chini yake. Kumbikumbi wanajileta. Asubuhi unawakaanga bila mafuta, wana yao ya kutosha, chumvi kidogo, unapepeta mbawa. Watoto hawalali siku hiyo. Hayo ndiyo majira yetu.

Mtoto wa Pangani

Wakuu mmenifungua macho. Mluguru, umenitia njaa isiyo na dawa huku Leeds.

Ijumaa hii tunajaribu mahamri, mwanangu keshadai kutwanga. Bi Iliki, tui la kopo linafaa au nitafute nazi nikune? Na Mama Bogani, majani yakigandishwa kwenye friza yanakaa?

Mama Bogani

Yanakaa mpaka Machi. Menya kwanza, yachemshe dakika mbili tatu, yatie maji baridi, kamua kabisa, fungasha mafungu ya mlo mmoja mmoja. Usigandishe mabichi, yanakuwa machungu.

Bi Iliki

La kopo linafaa, tikisa kopo kwanza maana tui zito linaganda juu kwa baridi. Lipashe kidogo tu, ukitia la moto unaiua hamira. Na mwambie huyo mtwangaji ahesabu punje, siyo maganda.