Mjadala: Madoa ya jua yakipungua, dunia inapoa?

Wadau, kila jua linapotulia huibuka hoja ileile: madoa yake (sehemu zenye giza usoni mwake) yamepungua, basi Ulaya itaganda na dunia nzima itapoa. Wanaoishikilia hukimbilia miaka ya 1645 hadi 1715, kipindi kilichopewa jina la mwanaastronomia Maunder, ambapo madoa yalikuwa haba mno. Kweli, majira ya baridi ya 1683–84 mto Thames uliganda London, na mwaka 1709 baridi iliua watu na mazao Ulaya.

Nusu ya hoja hii naikubali. Jua lina mkono wake katika baridi ya Ulaya. Nguvu yake yote hubadilika kwa takriban asilimia 0.1 tu katika mzunguko wa miaka kama 11 wa madoa kuongezeka na kupungua, lakini mionzi ya urujuanimno (isiyoonekana kwa macho) hupanda na kushuka zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo inayoipasha joto hewa yenye ozoni huko juu. Madoa yakiwa haba, mionzi hiyo hupungua, na ikipungua, pepo za magharibi zinazovuka Atlantiki huelekea kulegea, na hewa baridi ya kaskazini na mashariki hupata upenyo wa kuingia Ulaya.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Pepo hizo zikilegea, Ulaya ya kaskazini hutetemeka huku Greenland ikipata joto kuliko kawaida yake. Baridi imehama tu! Na hata Ulaya kwenyewe hakuna uhakika: vipimo vya joto vya Uingereza ya kati, vilivyoanza 1659, vinaonyesha kwamba miaka 2 tu baada ya Thames kuganda yalikuja majira ya baridi hafifu mno, ilhali madoa bado yalikuwa haba. (Thames nayo si kipimo kizuri. Daraja la kale la London lilipunguza kasi ya maji, yakaganda kwa urahisi, hadi lilipobomolewa 1831.)

Nusu ya pili, kwamba dunia nzima itapoa, naikataa kabisa. Desemba 2019 jua lilifika chini kabisa ya mzunguko wake. Mwaka uliofuata ukawa miongoni mwa miaka yenye joto kali kuliko yote tangu vipimo vianze.

Kwa hiyo anayesema kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto duniani, haihusiki, kila kitu ni jua, naomba aanze na hili: jua lilikuwa limetulia, joto la 2020 lilitoka wapi?