Mchango wa pedi kwa wanafunzi, tunasahau nini?

Muulizaji: Habari wakuu, mtaani kwetu Mbagala tunachangishana taulo za kike za mabinti wa sekondari ya kata, ila kila mtu anasema ataleta pakti moja basi, inatosha kweli?

Jibu: Haitoshi dada. Sisi tulipeleka maboksi tukapiga na picha weee, kumbe wengine hawana hata chupi ya kubandikia hiyo pedi! Mwalimu wa malezi alituvuta pembeni akatuambia kwa aibu. Changeni chupi mpya, mtumba hapana, saizi mchanganyiko, na sabuni za mche na ndoo yenye mfuniko ya kule chooni.

Jibu: Kweli kabisa. Na msisubiri bei ishuke, kodi ya VAT kwenye pedi serikali iliifuta 2018, mwaka uliofuata ikarudi. Nendeni Kariakoo mchukue kwa katoni, hela ashike mtu mmoja, risiti zitupwe kwenye grupu siku hiyohiyo maana hapo ndo ugomvi huanziaga.

Jibu: Afu jamani msiwapange mabinti foleni huku wavulana wakiwaangalia. Mwachieni mwalimu wa kike aziweke kabatini, anayehitaji anachukua kimyakimya.

Muulizaji: Duh, chupi sikuwaza kabisa. Nabadilisha listi leoleo.