Kaacha gongo ghafla, sasa anaona wadudu ukutani

mwandiga77: Wakuu, kuna mzee hapa Ujiji, gongo kila siku kwa miaka. Kaacha Ijumaa. Leo Jumapili usiku anatetemeka, jasho, anapangusa wadudu wasiokuwepo. Majirani wanasema karogwa. Tumpe glasi moja atulie?

tabibu_kgm: Si uchawi, mkuu, na msisubiri kukuche. Pombe hupoza ubongo, nao kwa miaka hujizoesha kujichochea zaidi. Ikikatwa ghafla, uchochezi unabaki bila breki. Mtetemeko huanza baada ya saa 6 hadi 12, degedege mara nyingi kati ya saa 12 na 48, kuweweseka huku siku ya 2 hadi ya 4. Hatua hii inaua. Hospitali ya Maweni sasa hivi. Kawaida hutolewa diazepamu (dawa ya kutuliza ubongo), na vitamini B1 kabla ya glukosi, kwani glukosi ikitangulia inaweza kuumiza zaidi ubongo wenye njaa ya B1.

mama_ujiji: Glasi hapana, atapaliwa. Msimfunge kamba. Akishikwa na degedege alazwe ubavu, kijiko mdomoni marufuku. Na semeni ukweli: kanywa kiasi gani kwa siku, lini mara ya mwisho. Watu huficha kwa kuogopa polisi, basi anatibiwa malaria peke yake. (Kipimo cha malaria kifanyike vilevile.)

tabibu_kgm: Analalamika macho kuona ukungu? Hiyo ni dalili ya methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu), tatizo jingine kabisa. Mwambieni daktari.

mwandiga77: Macho hapana. Bajaji imefika.