Tupeane uzoefu: boila ikijizima yenyewe, wewe ulifanyaje?

Fundi Mvuke: Wakuu, nina miaka 11 kwenye boila (mitambo ya kuchemsha maji) za dizeli, nyingi za dobi za hospitali. Usiku mmoja napokea zamu, taa nyekundu ya bana (kichoma mafuta) inawaka. Mwenzangu ananiambia, "Bonyeza riseti tu iwake upya, mimi nimeshabonyeza mara tano." Nikamuuliza kama amechungulia tanuru. Bado. Tulipochungulia, chini kunang'aa dizeli. Kila riseti nozeli ilinyunyiza mafuta, hayakuwaka, bana ikajifunga tena. Ya sita ingeshika moto, ule mlango wa mbele ungetuua sote wawili. Tulikausha kwa matambara, tukapuliza feni peke yake muda mrefu. Ndipo nikasoma taa: inamulika mara mbili mbili, yaani moto haukuonekana ndani ya muda wake. Kaure ya elektrodi, ile inayotoa cheche ya kuwashia, ilikuwa na ufa, cheche inakimbilia kwenye chuma. Kwangu mimi ni riseti moja. Ikikataa, nafungua bana. Wenzangu je?

Kuni na Chai: Nipo Mufindi, boila ya kuni. Ndugu yangu, huku kujizima si kuzimika. King'ora cha maji kidogo kikilia feni inakata, lakini magogo hayana swichi. Siku hiyo kioo cha maji kilikuwa kitupu kabisa. Kijana wa zamu akakimbilia kuongeza maji, nikamshika mkono. Mabomba yakishaiva, maji ya baridi yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Tulifunga dampa (kilango cha hewa), tukafukia moto kwa majivu yaliyolowa, tukasubiri hadi kesho yake. Kielea cha pampu, kile kinachopanda na kushuka na maji, kilikwama kwenye tope, pampu ikadhani maji yapo. Kilichotuokoa ni kile cha pili, cha king'ora. Majani ya chai ya siku ile yaliharibika, na sijuti.

Mama Wawili: Mimi si fundi. Niko Leicester, Uingereza, boila ni ya gesi, ya ukutani. Baridi ya Januari ikikaza, inaandika kosa la kushindwa kuwaka, huku inagugumia kama buruma. Siku hizi naanzia nje: kile kibomba cha plastiki cha kutolea maji huganda barafu. Nakimwagia maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kisha riseti mara moja. Mfuniko sigusi, huo ni wa fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi huku. Na king'ora cha kaboni monoksidi kikilia, natoka na wanangu kwanza, simu baadaye.

Zamu ya Usiku: Shikamooni. Bosi anataka tuunge waya kuruka swichi ya maji, ile inayozima boila maji yakipungua, mpaka spea ifike. Nifanyeje?

Fundi Mvuke: Marahaba mdogo wangu. Kataa. Zima boila, andika kwenye daftari la zamu saa na jina la aliyeagiza. Kama swichi ni ya kielea, ikishapoa na presha ikiisha kabisa, fungueni kibomba kinachoiunga na boila. Tope hukaa hapo, huenda hata spea haihitajiki.