Je, rangi ni mada halali ya tasnifu katika chuo cha Tanzania?

Mwanafunzi wa sosholojia, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za masomo. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, na mwezi ujao natakiwa kuwasilisha andiko la tasnifu. Nakusudia kuchunguza namna watu walivyogawanywa kuwa Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika wakati wa ukoloni, na alama ambazo mgawanyo huo umeziacha katika makazi ya Dar es Salaam hadi leo. Msimamizi wangu, ambaye namheshimu sana, amenirudishia kurasa zangu akiwa amekata kwa kalamu nyekundu kila palipo na neno "rangi" na kuandika juu yake "tabaka". Anasema tatizo la rangi ni la Afrika Kusini na Marekani, na kwamba sisi tulilimaliza tulipopata uhuru. Anaongeza kwamba hata takwimu sitazipata, kwa kuwa sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza watu kabila na asili yao.

Hoja hiyo ya takwimu imenikwamisha kweli. Je, mtu anaweza kuchunguza jambo ambalo dola imeacha kulihesabu? Nitumie neno gani, maana "rangi" linampeleka msomaji kwenye ngozi, na "mbari" kwa wengi ni ukoo? Na nikibisha hodi kwa mzee mwenye asili ya Kihindi pale Kisutu, nianzie wapi bila kumfanya ajione anahojiwa uraia wake?

Mwalimu mstaafu wa historia, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako hajakosea kukuelekeza kwenye tabaka. Kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba lazima uchague moja, kwa sababu katika mji wako tabaka lilijengwa juu ya rangi, na maneno tunayotumia kila siku yanashuhudia hivyo. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalikuwa majina ya sehemu za mji kufuatana na waliotakiwa kukaa humo. Leo mtu akisema "nimekulia Uswahilini" hataji asili yake hata kidogo. Anakwambia juu ya vichochoro, maji ya kununua kwa ndoo na nyumba zilizobanana. Neno la rangi limegeuka kuwa neno la umaskini, na njia lililopitia kufika hapo inatosha kabisa kuwa tasnifu.

Soma kanuni za ujenzi. Wajerumani waliugawa mji kwa aina za majengo, na Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo: eneo la kwanza kwa nyumba za mtindo wa Kizungu, la pili kwa makazi na biashara, la tatu kwa nyumba za kienyeji. Kanuni ilitaja jengo, haikutaja mtu. Lakini nani, kwa mshahara wa kibarua wa bandarini, angeweza kujenga kwa mawe na saruji kwa vipimo vilivyowekwa? Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, ambao ndio Mnazi Mmoja unaoufahamu, ukatenganisha watu bila ukuta wala askari.

Tofauti na makazi, palikuwa na mambo ambayo rangi ilitajwa wazi. Shule zilikuwa na mifumo mitatu, ya Wazungu, Waasia na Waafrika, hadi ilipounganishwa Januari 1962. Mwaka 1955 viti 30 vya wajumbe wasio maofisa wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kumi kwa kumi kwa kumi, kana kwamba Wazungu wapatao elfu 20 walikuwa sawa kwa idadi na Waafrika zaidi ya milioni 8. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura, akiwa ametimiza masharti ya elimu, kipato au cheo, alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikabishana vikali kama ishiriki au isusie; iliposhiriki, Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake. Kisha soma mjadala wa Bunge wa sheria ya uraia wa Oktoba 1961, wakati baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi na Nyerere akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Aliyesoma mjadala ule hawezi kusema jambo lilimalizwa kimyakimya. Lilipiganiwa, na lingeweza kwenda upande mwingine.

Usiiache sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Haikutaja rangi popote, ilitaja thamani tu, lakini wengi wa walioguswa walikuwa wenye asili ya Kiasia, kwa sababu kanuni zile za zamani ndizo zilizoamua nani ajenge ghorofa na wapi. Iweke sheria hii pamoja na kanuni za ujenzi uone namna rangi inavyofanya kazi hata pale isipoandikwa. Nyaraka zipo Upanga, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na ramani za zamani zina mengi ambayo sensa isingekupa.

Msomaji wa Unguja

Nakubaliana na Mwalimu, ila nina tahadhari kwako dada kuhusu kuzipenda mno takwimu. Hata dola ilipohesabu, ilihesabu kitu kinachohama. Katika sensa ya Zanzibar ya 1924 watu zaidi ya elfu 30 waliandikwa Waswahili; mwaka 1931 walibaki elfu 2 hivi. Hakuna tauni iliyowaua wala jahazi lililowachukua. Neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kubeba harufu ya utumwa, na watu wale wale, katika nyumba zile zile, wakajiandikisha kwa majina mengine, Washirazi wakiwamo. Kwa hiyo kukosa safu ya asili katika sensa kusikutishe. Uliza ni nani alihitaji jina gani, na jina lile lilimpatia nini.

Kuhusu istilahi, baki na "rangi" na ulieleze neno katika sura ya kwanza. Katiba yetu imelitumia katika Ibara ya 13, na wazee wanalielewa.

Mtafiti wa uzamili, Nairobi

Huku kwetu sensa bado inauliza kabila, na Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Wengi walifurahi, nami sikuwalaumu, kwa sababu kupewa jina la kabila ni kupewa mahali pa kusimama.

Juu ya mahojiano, nikuambie lililonipata. Nilimwuliza mzee mmoja wa Ngara, kwa upole niliodhani unatosha, kwamba yeye anajihesabu kuwa nani. Aliinuka bila neno, akaingia chumbani, akarudi na kitambulisho chake cha taifa, akakiweka mezani mbele yangu na kukaa kimya. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Tangu siku hiyo naanza na nyumba: nani aliijenga, nani alihamia lini, watoto walisoma wapi, wafu wa familia walipelekwa wapi. Rangi huja yenyewe katika majibu, tena ikiwa na tarehe na majina ya mitaa.

Mwanafunzi wa sosholojia, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Jumamosi nilitembea kutoka Kisutu, nikavuka Mtaa wa Bibi Titi na uwanja wa Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Lumumba, nikihesabu hatua. Upande mmoja kuna ghorofa zenye roshani na mwaka wa ujenzi umechongwa juu ya mlango; upande wa pili, katikati ya maghorofa mapya, bado nilizikuta nyumba chache za Kiswahili, zenye ujia katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele.

Nimeandika upya kichwa cha andiko: "Kutoka rangi hadi tabaka: kanuni za ujenzi na makazi ya Dar es Salaam". Jumatatu nampelekea msimamizi, na maneno yote mawili nimeyaacha.

Nilipokuwa Kisutu nilifuata ushauri wa kuanza na nyumba. Nilimsalimu mwenye duka la vitambaa, nikamwuliza ni nani aliyelijenga jengo lile. Akanitoa nje hadi ukingoni mwa barabara, akanionyesha kwa kidole jina lililochongwa juu kwa maandishi ya Kigujarati, akanisomea: ni la babu yake. Yeye ni mpangaji humo, na alinitajia hadi kodi anayolipa kila mwezi.