Waliowahi kuuza miti ya Krismasi ughaibuni, tupeane uzoefu

Mwana Rungwe (mwanzisha uzi), Maryland

Wakuu, habari za Novemba. Kila mwaka wakati kama huu napigiwa simu na wageni waliofika karibuni, swali lile lile: "Kaka, nasikia kuna kazi ya kuuza miti ya Krismasi, wiki 4 tu. Inalipa?" Nimeona heri nifungue uzi. Tuliowahi kuifanya tuandike yaliyotukuta, mgeni asome, aamue mwenyewe. Naanza mimi.

Nilikuwa na miezi 4 tangu nishuke Marekani. Kazi ya ghala niliyoahidiwa ilikuwa ianze Januari na mfukoni sina kitu. Jirani yangu Mmalawi akanipeleka kwenye maegesho ya kanisa moja ambako kila mwaka mzee fulani hukodi nafasi, anazungushia uzio wa mbao, anatundika taa, anauza miti tangu wiki ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba, mpaka mkesha wa Krismasi. Mimi nimekulia Tukuyu, kwenye paini na mikaratusi, shoka nimelishika kabla sijajua kusoma. Nikajiambia hii kazi ni yangu.

Usiku wa kwanza lori likaingia saa 4 kutoka North Carolina. Miti zaidi ya 600, kila mmoja umekazwa kamba kama mkeka uliokunjwa. Sisi tulikuwa 5. Mti wa futi 7 ukiwa umelowa ni mzigo wa kweli, na ule wa futi 10 lazima mshikane wawili. Tulimaliza saa 9 usiku. Asubuhi vidole vilikataa kufunga vifungo vya shati, mke wangu ndiye aliyenifunga.

Miti yenyewe inaitwa Fraser. Majani mafupi, laini, juu kijani kilichoiva, ukiligeuza chini unaona mistari miwili ya rangi ya fedha. Inalimwa kule milima ya Appalachia. Mzee alinieleza kwamba mti wa futi 7 umekaa shambani miaka 8, wengine hata 10, na kila kiangazi mtu anaupitia na panga refu kuupunguza ncha ili upate umbo lile la kuchongoka. Mwanangu wa kwanza, niliyekuwa nimemwacha nyumbani kwa bibi yake, alikuwa na miaka 9. Tangu siku hiyo sikuutupa mti chini tena.

Sasa jambo ambalo nataka kila mgeni alijue: kukata kitako. Mti ukishakatwa shambani, utomvu unaganda pale kwenye kidonda na kuziba. Ukiusimamisha kwenye maji hivyo hivyo, haunywi. Kwa hiyo mteja akishachagua unaulaza mti juu ya kigogo, unatoa kipande cha sentimita 2 au 3, msumeno ukienda sawa bila kupinda, kisha unamwambia auweke majini ndani ya saa chache. Siku ya kwanza peke yake unaweza kunywa lita 3 hadi 4. Mwenye mti lazima achungulie beseni asubuhi na jioni, maana maji yakishuka chini ya kitako, kidonda kinaziba upya.

Baba mmoja aliyekuwa na haraka alinizuia nisikate. Nikamwachia, mteja si mfalme? Siku ya 6 akarudi na ule mti juu ya gari. Akaushika tawi moja, akavuta mkono, majani yakamwagika kwenye lami kama mchele kutoka guniani. Mzee hakubishana naye, akampa mwingine. Baadaye akaniita pembeni akaniambia taratibu: wewe ndiye unayeijua kazi, yeye haijui. Kata kwanza, mweleze huku unakata.

Malipo: saa ililipwa kima cha chini cha jimbo, ambacho hapa Maryland ni dola 15 tangu 2024. Zaidi ya hapo ni tipu. Ukiufunga mti vizuri juu ya gari la mtu, anakutolea 5, anakutolea 10. Kitako kielekee mbele ya gari, ncha nyuma, upepo usije ukayapindua matawi. Siku za Jumamosi niliwahi kurudi nyumbani na tipu inayozidi mshahara wa siku.

Ila mwaka wa pili nilienda uwanja mwingine na huko niliumia. Saa zangu alikuwa anaziandika msimamizi kwenye simu yake. Mkesha wa Krismasi tumefunga saa 11 jioni, akasema pesa ya wiki ya mwisho itakuja kwa hundi. Haikuja. Saa 61. Simu ikawa haipokelewi, na uzio wenyewe ulikuwa umeshang'olewa, hata pa kwenda kugonga mlango hakuna. Hilo bado linaniuma, kwa sababu ile pesa nilikuwa nimeshaahidi ada ya mtoto. Karibuni.

Mama Wawili, Minnesota

Asante sana kaka kwa huu uzi. Mimi ni wa Nyeri, nilifanya misimu 3, nilikuwa kwa kibanda cha kulipia. Watu wataongea juu ya mikono, mimi niongee juu ya miguu. Kusimama kwa lami saa 9 wakati nje ni digrii 15 chini ya sifuri, baridi inapanda kutoka chini, haitoki hewani. Nilivaa soksi jozi 3 na bado nililia. Mama mmoja Mhmong, kabila la Asia, tuliyekuwa naye akanionyesha: toa hizo soksi, vaa moja nzito ya sufu, kiatu kiwe na nafasi vidole vicheze, halafu simama juu ya kadibodi. Alinikatia kipande cha kadibodi ya televisheni, nikakiweka chini ya kaunta. Huo msimu wote kile kipande nilikuwa nakilaza kwa kibanda jioni na kukipangusa asubuhi.

Na huku kwetu kuna shida ambayo kaka wa Maryland labda hakuiona. Mti ukiganda barafu usiufungue kwa nguvu. Matawi yanavunjika kama njiti. Mwambie mteja aupeleke kwanza kwa gereji upate joto polepole, afungue wavu uliofungia mti kesho yake. Kijana mmoja alivunja miti 4 siku moja akiwaonyesha watu, nikaona anakaribia kufukuzwa, nikamsaidia kuipanga ile iliyovunjika upande wa ukutani. Mti wenye upande mmoja mbaya unauzika, kuna mtu nyumbani anataka wa kuegemeza kwa kona na anatafuta bei nafuu.

Ndugu wa Uvira, Maine

Bandugu, jambo yenu. Mimi sikutumika kwenye kuuza miti, nilitumika kwenye mashada, yale ya mviringo wanayotundika mulangoni. Lakini ni msimu ule ule, na batu wetu wengi huku ndiyo wanayoanza nayo wakishapata kibali cha kazi.

Majani ni ya mti wa balsam. Hauyavuni mapema. Wanangoja baridi kali ipige usiku kadhaa, ndipo jani linashika kwenye tawi. Ukivuna kabla ya hapo, shada linapukutika kabla ya Noeli. Unakuwa na duara ya waya, unakusanya vitawi 3 au 4 mukononi kama unafunga sombe (kisamvu), unazungusha waya, unakaza, unaweka kingine kikifunika shina la kwanza. Malipo ni kwa shada, si kwa saa. Siku ya kwanza nilifunga 11, na 3 walizirudisha. Bibi yangu, ni kusema muke wangu, ambaye kule Uvira alikuwa anasuka nywele, siku ya kwanza alifunga 30. Wiki ya pili msimamizi alimusimamisha mbele ili wengine wamutazame mikono. Nyumbani alikuwa amenyamaza tangu tufike. Jioni ile aliongea mpaka usiku wa manane.

Utomvu mukononi hautoki kwa sabuni. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha ndiyo sabuni. Nguo iliyoshika utomvu ibaki ya kazi tu.

Mtoto wa Kibokoni, New York

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni Muislamu na nimeuza miti ya Krismasi Manhattan misimu 2, zamu ya usiku. Mama alipojua aliniuliza mara moja tu, "Ni jasho lako?" Nikamwambia ni jasho langu. Akasema basi, Mungu akuzidishie.

Huku hatuna uwanja, tunauza kando ya barabara, kwenye njia ya waenda kwa miguu, miti imesimama pande mbili watu wanapita katikati kama kichochoro cha msituni. Nilishangaa mji ambao hata muuza matunda anasumbuliwa kibali unaturuhusu. Wenzangu kutoka Quebec, Kanada, ambao kila Desemba wanakuja kulala kwenye gari mpaka Krismasi, ndio walionieleza: kuna sheria ya jiji ya tangu 1938, mwezi wa Desemba mtu anaweza kuuza miti hii kando ya barabara bila leseni ya uchuuzi, alimradi mwenye jengo linalotazamana na hapo akubali. Ndiyo maana mwenye duka la mbele yetu alikuwa anasalimiwa kwa heshima zote.

Usiku huwezi kufunga, miti haina mlango. Unakaa nayo. Wateja wa saa 8 usiku wapo: wauguzi, wapishi, madereva. Mpishi mmoja alinunua wa futi 8, anakaa ghorofa ya 5, lifti hakuna. Tulipofika kona ya ngazi za ghorofa ya 2 tukakwama, matawi yameng'ang'ania ukuta. Nilikuwa nimeupeleka ncha mbele. Ikabidi tushuke nao, tuugeuze, kitako kiongoze. Ukivuta kitako mbele matawi yanalala yenyewe kuelekea nyuma, mti unapita. Alinipa dola 40 na bakuli la supu ya moto, nikainywa nimekaa kwenye ngazi.

Alfajiri nilikuwa nikitandika kadibodi kati ya safu mbili za miti na kuswali. Jamaa wa Quebec alikuwa ananishikia kisanduku cha pesa, na mteja akija anamwomba kwa ishara asubiri. Kwa mara ya kwanza tangu nifike mjini huu niliona niko mahali pangu.

Mkulima wa Limuru

Mimi sijatoka Kenya lakini naomba nichangie kidogo. Sisi huuza saipresi kando ya barabara Nairobi, kila Desemba. Hatuna wavu wala beseni. Mti unashindiliwa kwenye mkebe wa rangi kwa mawe na udongo uliolowa, kwisha. Kazi kubwa ni ya bei. Tarehe 20 mtu anakubembeleza, tarehe 24 jioni unambembeleza wewe, na tarehe 25 asubuhi ni kuni. Usilete miti yote siku moja, kata kidogo kidogo kulingana na inavyotoka.

Mwana Rungwe (mwanzisha uzi)

Mkuu wa Limuru umenikumbusha mbali. Dada yangu yuko Dar, kule tawi la mvinje ndilo linalopambwa sebuleni. Na mtoto wangu nilipomtumia picha ya uwanja wetu aliniuliza mbona mikrismasi ya huko haina maua mekundu, maana nyumbani mkrismasi ni ule mti unaochanua maua mekundu.

Dada Karani, Texas

Mwanzisha uzi, pole sana kwa zile saa 61. Nimefanya kazi ofisi ya wanasheria miaka kadhaa, naomba nikuambie jambo, na wengine walisome. Idara ya Kazi ya Marekani ina kitengo cha mishahara na saa za kazi. Kupeleka malalamiko ni bure, ni siri, na mshahara wa saa ulizofanya unadaiwa hata kama mtu hana karatasi za uhamiaji. Muda wa kudai ni miaka 2, na mwajiri akibainika alifanya kwa makusudi ni 3. Usikae nalo moyoni mpaka muda upite.

Na msingoje mdhulumiwe. Nunueni kidaftari. Kila siku andika umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, nani alikuwa msimamizi, tipu kiasi gani. Piga picha namba ya lori na bango la uwanja lenye jina la biashara. Uwanja unahama, picha haihami.

Mgeni wa Kigoma, Virginia

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Naanza Jumamosi hii, saa 12 asubuhi, lori linashuka saa hiyo hiyo. Nina glovu za sufu na buti za mvua. Zinatosha?

Mwana Rungwe (mwanzisha uzi)

Marahaba mdogo wangu. Buti za mvua ni baridi tupu, azima za ngozi kama huna, na dada wa Minnesota ameshakwambia kuhusu soksi. Glovu za sufu zitalowa ndani ya nusu saa. Tafuta za kazi zenye mpira kiganjani, jozi 2, moja ikilowa unaiweka kwenye joto la kibanda unavaa nyingine. Kula kabla hujatoka, chai tupu haitakufikisha saa 4. Wakati wa kushusha simama katikati ya mstari, usiende mlangoni mwa lori, pale wanasimama wazoefu. Na lori likiisha mwombe msimamizi akufundishe msumeno. Kidaftari nitakuletea mwenyewe Ijumaa jioni, nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha.